Bomba Lililolala Stoo

Kipande cha chuma kilikuwa kizuri mno, na uzuri huo ndio uliomtia wasiwasi. Alikigeuza chini ya hadubini, akabadili lenzi, akakitazama upya. Chembe zilikuwa zimepangana vizuri, mipaka yake myembamba kama utando wa buibui, bila tundu hata moja. Alikwenda kunawa uso, akarudi, akatazama mara ya tatu. Macho yalisema lile lile.

Bomba lililosemekana kukatwa kipande hicho lilikuwa limebeba mvuke wa nyuzi mia tano na arobaini kwa miaka kumi na tisa. Chuma kinachotumikishwa hivyo huchoka. Hujivuta kidogo kidogo, na kwenye mipaka ya chembe zake huota vitundu. Vitundu huungana vikawa ufa, na siku moja bomba hupasuka. Kazi yake yeye ilikuwa kuikisia siku hiyo kabla haijafika. Wenzake pale maabara walimwita Daktari wa Vyuma, na walikuwa wakimwambia ana bahati, kwa kuwa wagonjwa wake hawalalamiki na ndugu za wagonjwa hawaji kumtukana.

Lakini huyu aliyelala chini ya hadubini hakuwa mgonjwa. Chuma hiki hakikuwa kimefanya kazi hata siku moja.

Aliketi kwenye kiti akiwa ameshika magoti. Miezi minne nyuma, hadubini ikiwa mbovu na kituo cha umeme kikimharakisha, aliandika ripoti kwa kutegemea mashine za kuvuta peke yake. Vipande vilivutwa wiki baada ya wiki ndani ya tanuri, vikastahimili kuliko alivyotarajia, naye akaandika kwamba bomba kuu la mvuke linaweza kuendelea miaka sita zaidi. Kwa ripoti hiyo boila ilikuwa inawaka mpaka saa hii, na chini ya bomba hilo walifanya kazi wanaume thelathini na wanne. Mmoja wao, msimamizi wa mafundi, alikuwa mume wake.

Na mume wake ndiye aliyevileta vipande.

Hilo lilianza kwa nia njema. Kifurushi cha kwanza kilitumwa kwa gari la mizigo, kikapotea majuma matatu, kikarudi kimebandikwa karatasi ya vipuri vya baiskeli. Mkuu wa maabara, mzee mmoja aliyeitwa Taratibu kwa sababu neno hilo halikumbanduka mdomoni, akasema ya nini kuhangaika, mumeo anakwenda kule kila siku na kila siku anarudi, si avibebe yeye. Basi mume akawa anavibeba ndani ya mkoba wake, amevizungushia fulana kuukuu.

Kila kipande kilikuwa na karatasi ya makabidhiano yenye mistari miwili, mmoja wa aliyetoa, mmoja wa aliyepokea. Mume alikuwa anaweka vipande juu ya meza ya jikoni, anakwenda kuoga, anasahau. Asubuhi mke, gari la kazini likipiga honi nje, alikuwa anatia saini mistari yote miwili. Vipande vinane, karatasi nane. Hata siku moja hakuona kuwa ni kosa. Mtu na mumewe, wataandikishana kwa lipi?

*

Jumamosi ile alimkuta mumewe barazani, anakaza miguu ya kiti kilicholegea. Mama mkwe, aliyekuwa akiishi nao tangu magoti yalipoanza kumsumbua, alikuwa ameketi pembeni na ungo wa mchele mapajani. Mke alivua viatu, akakaa kwenye kizingiti, akauliza kwa sauti yake ya kawaida, kwa kuwa hakuwa na nyingine.

"Baba watoto, vile vipande ulivikata wapi?"

"Wapi tena? Kwenye bomba."

"Bomba lipi?"

Mume aliendelea kukaza skrubu iliyokwisha kukazwa. Akasema kwa utani kwamba mke wake siku hizi anahoji kama askari wa barabarani, bado kumwomba leseni tu. Mke hakucheka. Alimweleza alichokiona chini ya hadubini, polepole, hatua kwa hatua, kama anavyowaeleza wanafunzi, na kadiri alivyoeleza ndivyo bisibisi ilivyozunguka polepole, mpaka ikasimama.

Ndipo mume akasema. Kukata kipande kwenye bomba lenyewe kulihitaji boila izimwe siku mbili, na meneja hakutaka kusikia habari ya kuzima hata saa mbili. Alimwita ofisini, akafunga mlango, akamkumbusha kwamba kule stoo kuna urefu wa bomba uliobaki tangu kituo kilipojengwa. Kiwanda kile kile, siku ile ile, muhuri ule ule. Akate pale.

"Ni mapacha, mke wangu. Baba mmoja, mama mmoja. Nikajiambia, tofauti iko wapi?"

"Mmoja amelimishwa miaka kumi na tisa bila kupumzika, mwenzake amelala stoo," mke alisema. "Wewe umeniletea aliyelala nimpime, nami nimempa cheti aliyelimishwa. Na tofauti unaijua. Nimekueleza hapa hapa, tena kwa miaka."

Mume hakukana. Alisema bomba likikutwa bovu kituo kitafungwa miezi minane, na watakaorudishwa nyumbani wa kwanza ni mafundi, na wa kwanza kati ya mafundi ni yeye. Je, mke wake alitaka kuwa mwandishi wa barua ya kumfukuza kazi?

"Unapita chini ya bomba hilo kila siku," mke alisema.

"Napita haraka."

Alitaka iwe kichekesho. Kilianguka sakafuni pale na hakuna aliyekiokota.

Mama mkwe aliweka ungo chini. Mambo ya chembe na nyuzi joto hakuyafuata, lakini alikuwa ameshaelewa kuwa kuna kitu kinaweza kupasuka. Akamwuliza mkwewe kama kitu hicho kinaweza kuua mtu. Mke alimjibu kuwa mvuke ule hauonekani kwa macho. Mafundi wakitafuta unapovuja hutanguliza fimbo ya ufagio, na pale fimbo inapokatika kama imepitiwa na panga, ndipo penye tundu.

"Na mtu je?" mama mkwe aliuliza.

"Mtu ni laini kuliko fimbo, mama."

Mama mkwe alimgeukia mwanawe, akamnyooshea kiganja kilichokuwa na vumbi la mchele. "Jumatatu utakwenda na mkeo useme ulivyoniambia sasa hivi?"

"Nitakwenda, mama."

"Utasema?"

"Nitasema. Nilivyoagizwa na nilivyofanya." Akaweka mkono wake juu ya kiganja cha mama yake, na machozi yakamlengalenga.

Mke aliamini. Kwa nini asiamini? Jioni ile alimpigia simu mkuu wake, akaomba kikao kituoni Jumatatu, mkaguzi wa serikali awepo. Jumapili nzima aliandika barua kwa mkuu wake, akaifuta, akaiandika tena, akitafuta maneno ya kumpunguzia mumewe mzigo. Penye "msimamizi alibadili vipande" akaandika "vipande vilibadilishwa kwa maelekezo ya uongozi." Mume naye siku hiyo alikuwa mpole kupita kiasi. Alimpigia pasi gauni, akamng'arishia viatu. Alasiri alisema anatoka kidogo kununua vocha ya simu, na duka lilikuwa nyumba ya tatu. Alirudi baada ya saa mbili. Mke aliziona hizo saa mbili, lakini hakuzifikiria.

*

Kikao kilifanyika kituoni Jumatatu saa nne asubuhi, kwenye chumba chenye meza ndefu ambamo sakafu ilikuwa inatetemeka kidogo kwa mngurumo wa mitambo. Kila kiti kilikuwa kimewekewa chupa ya maji, isipokuwa kiti cha mke. Mkuu wa maabara alimsogezea yake kimya kimya. Upande wa pili aliketi meneja, mtu wa tabasamu, na kando yake mkaguzi wa serikali wa maboila, mwanamke mfupi mwenye faili nene. Mume alikuwa ameketi upande ule ule wa meneja. Ovaroli yake ilikuwa mpya. Alipoingia alimsalimia mkewe kwa kichwa, kama mtu anavyomsalimia jirani wa mbali.

Mke alieleza. Hakuongeza, hakupunguza. Alisema ripoti yake ilipima bomba lisilo lenyewe, kwamba hajui hali ya bomba lililo kazini, na kwa kuwa hajui, boila izimwe mpaka kipande cha kweli kikatwe. Alipofika kwenye habari ya nani aliyevileta vipande, alisimama, akamtazama mumewe ili amwachie nafasi.

Aliyeitumia nafasi hiyo alikuwa meneja. Kwa upole mkubwa aliomba karatasi za makabidhiano, akazipanga mbele ya msimamizi wa mafundi mojamoja, kama mtu anayegawa karata.

"Hapa palipoandikwa aliyetoa. Hii ni saini yako?"

Mume aliinama, akaitazama kwa muda mrefu.

"Siyo yangu."

"Na hizi nyingine?"

"Zote siyo zangu. Mnaweza kulinganisha."

Mngurumo wa mitambo ulisikika vizuri sana wakati huo. Mkaguzi aliuliza kama basi kuna vipande vyovyote alivyompa mke wake, kwa karatasi au bila karatasi. Mume alijibu bila kuinua macho kuwa hakuna, na kwamba hajui alivitoa wapi. "Mimi na mtafiti," alisema, "mambo ya kazi hatuyachanganyi na ya nyumbani."

Mtafiti. Miaka kumi na minne ya ndoa hakuwahi kumwita hivyo. Habari ya stoo angeweza kuisamehe. Alikuwa ameshaanza kuisamehe tangu jana, kwa kalamu, neno kwa neno. Hofu aliielewa, kwa maana hata chuma kina mzigo ambao kikitwishwa kitapinda. Lakini "mnaweza kulinganisha" halikuwa neno la mtu aliyeshikwa na hofu ghafla. Lilikuwa limeandaliwa. Lilikuwa limechukua saa mbili.

Mzee Taratibu alimwinamia, akamwuliza kwa kunong'ona kama ni yeye aliyesaini. Akajibu kwa sauti ya kusikika na wote kuwa ni yeye.

Meneja alisikitika, au alifanya uso wa kusikitika. Alisema hana nia ya kumdhalilisha mama wa watu. Lakini mtu aliyeghushi karatasi nane, je, neno lake la leo kuhusu bomba litaaminiwa vipi? Alipendekeza barua yake iwekwe kando, maabara imshughulikie mtumishi wake, na uzalishaji uendelee, maana nchi inahitaji umeme. Mkaguzi alianza kufunga faili.

"Samahani," mke alisema. "Boila hii inawaka kwa kibali gani?"

Mkaguzi alifungua tena faili. Akasema ni kibali cha mwaka, kilichotolewa kwa kutegemea ripoti ya maabara kuhusu bomba kuu.

"Ripoti ya nani?"

"Yako."

"Naomba uandike, basi." Alikuwa na kawaida ya kusoma vipimo polepole ili anayeandika asiachwe nyuma, na hivyo ndivyo alivyosema sasa. "Saini zote nane za aliyetoa nilizitia mimi. Sikulazimishwa na mtu. Karatasi hizo ni za kughushi, na ripoti iliyosimama juu yake ni batili tangu siku nilipoitia muhuri."

Kalamu ya mkaguzi ilikwenda mpaka mwisho wa mstari, ikatulia. Aliinua kichwa, akamtazama meneja.

"Kama ripoti ni batili, kibali hakina miguu. Hii boila haina kibali."

Tabasamu la meneja lilichelewa kuondoka, likabaki peke yake usoni wakati macho yameshabadilika. Alisema nadhani tumekwenda mbio. Alimgeukia msimamizi wake, akamwambia ajaribu kukumbuka, kazi ni nyingi, mtu hutia saini akasahau, hebu azitazame tena zile karatasi. Mume alimtazama meneja, akamtazama mkewe, mdomo ukiwa wazi kidogo. Hakujua sasa anatakiwa aseme uongo upi.

"Amesema tunaweza kulinganisha," mkaguzi alisema, akivuta simu ya mezani. "Tutalinganisha. Lakini kwanza moto uzimwe."

Nje, karibu na gari, Mzee Taratibu alimwambia kwamba itabidi amsimamishe kazi, sheria hainyamazi. Alikuwa anazungusha kofia yake mikononi. Akamwuliza kwa nini hakupigania ukweli wote. Lile bomba la stoo lipo, pengo la msumeno lipo, wangeweza kwenda kulitazama.

"Tungebishana wiki tatu, mzee. Na wiki zote tatu ingekuwa inawaka."

*

Majuma mawili yaliyofuata nyumba ilikuwa na watu wazima wawili wasio na kazi, wanaopishana kwenye ujia mwembamba saa za mchana. Mtaani habari ilikuwa imefika ikiwa imevaa nguo nyingine: mwanamke mmoja msomi, kwa kugombana na mumewe, amezima kituo na kuwarudisha nyumbani akina baba thelathini na wanne. Dukani muuzaji aliwahudumia waliokuja baada yake. Mke wa fundi mchomeleaji, waliyekuwa wakiazimana sufuria, alimwona akavuka barabara, na upande wa pili hakukuwa na kitu cha kuendea.

Mume alijaribu kueleza. Alisema meneja alimwambia atapewa onyo tu. Alisema aliambiwa wasiposhikamana wote watakwenda na maji. Siku nyingine alisema ni yeye mke aliyeanza, kwa kutia saini isiyo yake. Mke alimsikiliza kila mara mpaka mwisho, kisha akaendelea na alichokuwa anafanya. Mama mkwe alibaki na sentensi moja tu kwa mwanawe. Chakula kipo.

Alhamisi ya pili, saa tisa alasiri, Mzee Taratibu alipiga simu. Kipande kilikuwa kimekatwa kwenye bomba lenyewe, pale kwenye kona, mkaguzi akiwa amemsimamia fundi. Hakukuwa na haja ya hadubini. Ufa ulionekana kwa macho. Ulikuwa umeanzia ndani, umekula theluthi mbili za unene wa ukuta. Mke alimwuliza anakisia muda gani ulikuwa umebaki. Mzee yule, ambaye katika maisha yake hakuwahi kukisia kitu, akasema wiki sita. Labda saba.

Halafu akamweleza jingine. Kamati ya nidhamu itakaa kesho. Kwenye maandishi shauri lake limebaki kuwa la kughushi, basi, na uzuri wa bomba au ubaya wake hauingii humo. Kitu kimoja tu kingeweza kulibadilisha: mtu aliyevitoa vile vipande aje aseme kuwa alivitoa. Mzee alisema haombi, anamjulisha tu.

Alipoweka simu, mume na mama mkwe walikuwa wanamtazama. Akawaambia yote, ya bomba na ya kamati.

Mume alikaa kwenye ukingo wa kochi. "Pale kwenye kona ndipo tunaponywea chai," alisema. Alianza kuwataja wenzake kwa majina ya utani, kwa mpangilio wanavyokaa, Kipara, Mjomba, Chumvi, yule mrefu, na alipofika wa sita sauti ilimkatika, akafunika uso kwa mikono. Alilia kweli. Alimwambia mkewe kuwa ni Mungu amemtumia, kwamba watu thelathini na wanne wana uhai wao kwa sababu yake. Mke alimwacha alie. Alikuwa anangoja.

Machozi yalipokwisha, mume alijifuta uso kwa shati.

"Kesho kamati inakaa," mke alisema.

"Nimesikia." Alitazama ukutani. "Mke wangu, fikiria. Nikisema sasa, mimi ni kushtakiwa. Nani ataniajiri tena? Wewe una elimu yako, wewe huwezi kukosa pa kwenda. Ngoja kwanza walibadilishe bomba, wanirudishe kazini, nishike pumzi. Nitasema. Nakuahidi nitasema."

Mke alimtazama kama anavyotazama kipande kilichokwisha kukatika ndani ya tanuri. Katika hali hiyo haiongezwi mizigo. Mashine huzimwa tu, namba ikaandikwa. Hakuona hasira mwilini mwake mahali popote. Aliona uchovu, na alitambua kuwa uchovu huo haukuanza leo.

Mama mkwe alijikokota kwenye kiti chake, akaketi wima.

"Hiyo kamati hukaa saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi, mama."

"Mtu asiyejua kusoma anaruhusiwa kuingia? Sina la kusoma. Nina la kusema. Niliambiwa barazani, kiganja kikiwa kwenye kiganja."

"Mama," mume alisema, "mimi ni mwanao."

"Sijasahau." Hakumgeukia. Alikuwa anayapapasa magoti yake, moja baada ya jingine, kama anayakadiria. "Ofisi yenyewe iko chini au juu?"

"Iko juu, mama," mke alisema. "Kuna ngazi kumi na nane."

Mama mkwe alifikiri.

"Tutapumzika katikati," alisema.